ADA YA CHUO HAINA KAMATI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Ustadhi, mwanangu amepata chuo, tuombee." Naomba, alhamdulillah. Wiki chache baadaye unakuja ujumbe wa pili kutoka kwa mtu yule yule: "Ustadhi, mkopo umetoka nusu, chuo kinataka ada, tufanyeje?" Naomba tena. Lakini swali hilo la pili, ndugu yangu, lilitakiwa kuulizwa mtoto akiwa darasa la kwanza.

Leo tulizungumze kwa uwazi. Somo ni refu kidogo, kaa kitako.

KIKAO CHA BAADA YA ISHA

Nitasimulia kisa cha hapa hapa mtaani kwetu Mwembesongo. Sitataja jina la mtu, na wenyewe wameniruhusu.

Binti mmoja alichaguliwa chuo kikuu kusomea ualimu wa sayansi. Mkopo ukatoka, lakini haukufunika ada yote. Zilipungua shilingi 900,000 kwa mwaka wa kwanza. Mama yake anauza chapati asubuhi. Baba yake ni fundi ujenzi, anaishi Kihonda na mke mwingine. Mama akaniomba niwaite wakubwa. Tukakaa baada ya Isha: mama, baba, na mjomba aliyeteremka kutoka Matombo.

Baba akaanza: "Ustadhi, sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Wajomba wana mashamba kule juu, mimi sina fungu. Waanze wao."

Mjomba akajibu: "Mtoto ana baba. Jina analoitwa ni la baba yake, siyo langu."

Binti alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, barua ya chuo mkononi. Hakusema neno. Anasikia wanaume wawili wanaompenda, kila mmoja anamsukuma kwa mwenzake.

Kwa ndugu zangu wasiotoka huku milimani: kwa Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, na ardhi ya Uluguru kwa desturi ni ya ukoo. Mjomba ana heshima na sauti kubwa kwa watoto wa dada yake. Ni desturi yenye kheri nyingi, mtoto hakosi pa kuegemea. Lakini tumeigeuza. Ikifika zamu ya kutoa, baba anajificha nyuma ya mila, na mjomba anajificha nyuma ya dini. Mtoto anadondoka katikati.

Sheria ya Allah (S.W) katika hili iko wazi. Surat al-Baqarah aya ya 233 imeweka chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha juu ya baba wa mtoto, kwa wema. Surat at-Talaq aya ya 7 imemtaka kila mtu atoe kadiri ya alichoruzukiwa, na Allah haikalifishi nafsi zaidi ya alichoipa. Kwa hiyo baba ndiye wa kwanza. Mjomba akitoa, hiyo ni sadaka, na ni kuunga udugu. Ana malipo mara mbili, lakini hajamwondolea baba mzigo wake.

Kuna baba atasema: "Mtoto akishabaleghe wajibu wangu umekwisha." Ni kweli wanazuoni wamehitilafiana juu ya mtoto mkubwa mwenye nguvu za kuchuma. Wapo waliosema wajibu umekwisha, na wapo waliosema anayeshughulishwa na elimu hata asiweze kuchuma bado ana haki ya matumizi. Sitaamua mimi hapa. Nasema hivi tu: baba huyo huyo, siku ya posa ya binti yake, anakaa mbele kabisa na kusema "mimi ndiye baba". Basi na siku ya ada awe ndiye baba.

KAMATI IKO WAPI?

Turudi kwenye kikao. Nikawauliza swali moja: "Mdogo wake huyu binti, ngoma yake ya mwali ilikuwa lini?" Wakasema mwezi wa sita. Nikauliza: "Zilichangwa kiasi gani?" Mama akatazama chini. Mjomba ndiye aliyejibu: "Milioni mbili na laki tatu."

Sikuwaaibisha. Ningewaaibisha wao, ningeuaibisha mji mzima. Nilitaka waone kitu kimoja: shughuli ile ilikuwa na mwenyekiti. Ilikuwa na mweka hazina, daftari, kadi za mchango, kundi la WhatsApp, na mtu wa kupiga simu kwa wanaochelewa. Tarehe ilijulikana miezi sita kabla. Sare zilichaguliwa. Watu wale wale, mifuko ile ile.

Ada ya chuo haina kamati. Haina kadi, haina sare, haina mweka hazina. Inamkuta mama peke yake kwenye moto wa chapati.

Ndugu zangu, tusidanganyane kwamba hatuna kabisa. Wapo masikini wa kweli, na tutawazungumzia. Lakini wengi wetu tunachokosa ni mpangilio, fedha zinapita mikononi mwetu zikienda kwenye jambo lililopangwa zaidi. Harusi imepangwa, ndiyo maana inapata. Ada haijapangwa, ndiyo maana inakosa.

Usiku ule tukachagua mweka hazina. Baba akaahidi, na kiasi fulani akakitoa pale pale. Mjomba akaahidi mikungu ya ndizi, iuzwe sokoni. Hadi siku ya kwenda kujisajili zilipatikana 640,000. Chuo kikakubali apokelewe na kinachobaki kilipwe kwa awamu. Binti yuko darasani leo, na deni bado tunalifukuza.

Lakini ule haukuwa mpango. Tulizima moto. Mwaka mwingine moto utawaka nyumba nyingine, na hatutakuwa na ndoo kila mara.

MIAKA YA NEEMA NI HII

Fungua Surat Yusuf, aya ya 47 hadi 49. Nabii Yusuf (A.S) yuko gerezani, analetewa ndoto ya mfalme. Hakuishia kuifasiri. Alitoa na mpango: miaka saba mlime kwa juhudi, mnachovuna mkiache katika mashuke yake isipokuwa kidogo mnachokula, kwa sababu nyuma yake inakuja miaka saba migumu itakayokula akiba yote.

Angalia hekima iliyomo. Njaa ilijulikana kabla haijafika. Dawa ya njaa ilikuwa ndani ya miaka ya shibe, haikuwa ndani ya miaka ya njaa. Na nafaka iliachwa kwenye mashuke, mahali ambapo haiozi na haiko karibu na jungu.

Sasa tutazame nchi yetu. Tangu Januari 2016 Serikali imeondoa ada katika shule zake hadi kidato cha nne. Mwaka wa masomo 2022/2023 ikaondoa na ada ya kidato cha tano na cha sita. Kwa mpangilio tuliouzoea wa miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari na 2 ya juu, mtoto anaweza kusoma miaka 13 bila mzazi kulipa ada. Najua kuna sare, madaftari, chakula na michango mingine. Lakini ada, ile iliyowafanya wazazi wetu wauze ng'ombe, haipo.

Miaka hiyo 13 ndiyo miaka yetu ya neema! Na sisi tumeila yote, hatukubakiza shuke. Tumezoea kwamba shule ni bure, kisha mtoto anafika umri wa miaka 19 au 20, chuo kinaleta karatasi yenye mamilioni, tunashtuka kama walioamshwa usingizini. Katika vyuo vingi vyetu ada ya shahada ni kati ya milioni 1 na milioni 2 kwa mwaka, na kozi kama udaktari katika vyuo binafsi hupita hapo mbali. Hapo hujahesabu kula na kulala. Bodi ya Mikopo, tangu 2022/2023, inahesabu shilingi 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi ya mwanafunzi, kutoka 8,500 ya zamani. Mwezi wa siku 30 ni 300,000.

Morogoro yetu haina uhaba wa vyuo. SUA ipo tangu 1984. Mzumbe, njia ya Iringa, ni chuo kikuu tangu 2001. Chuo Kikuu cha Waislamu, katika majengo yaliyokuwa ya mafunzo ya TANESCO, kilianza 2005. Wapo watoto wetu wanaoujua mlango wa chuo kwa sababu wanauza maji na karanga pale nje. Kuuza maji ni kazi ya halali, simdharau mtu. Ninachouliza ni nani kati yao alifaulu akabaki nje kwa sababu sisi tulikula mashuke.

HESABU YA SHILINGI ELFU MOJA

Chukua kalamu, mama yangu.

Shilingi 1,000 kwa siku, siku 26 za mwezi, ni 26,000. Kwa mwaka ni 312,000. Kwa miaka 13, tangu darasa la kwanza hadi kidato cha sita, ni 4,056,000. Ni bei ya soda na kitumbua, ni vocha ya simu.

Ukingoja hadi kidato cha kwanza, una miaka 6. Kupata kiasi kile kile itakubidi uweke karibu 2,200 kila siku. Ukingoja hadi kidato cha tano, una miezi 24, na ni 6,500 kila siku. Elfu moja imegeuka elfu sita na mia tano, na hujafanya kosa lolote zaidi ya kungoja. Kuchelewa kuna bei, na anayeilipa ni mtoto.

Utaniambia, "Ustadhi, shilingi inashuka thamani." Umesema kweli. Ndiyo maana Yusuf (A.S) aliiacha nafaka kwenye mashuke. Fedha taslimu chini ya godoro ni nafaka iliyopukuchuliwa. Ukipata kiasi, ikigeuze iwe kitu kinachoishi.

Nitawaambia tulivyofanya nyumbani kwangu. Sisemi kwa kujisifu, nasema ili mtu apate mfano. Mimi na mke wangu tulikubaliana mtoto wetu wa kwanza akiwa mchanga. Mimi nauza viungo: mdalasini, karafuu na pilipili manga za milimani. Kila jioni elfu moja inaingia kwenye kibubu, ufunguo anao yeye. Mwaka ule wa akika nilinunua pia mbuzi jike wa maziwa, nikampa dada yangu Mgeta amtunze. Maziwa ni yake, mbuzi na wanawe ni wa ada ya mtoto. Mbuzi wa maziwa walifika Mgeta mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa kazi ya wataalamu wa SUA, na ziko familia kule zinazosomesha kwa mbuzi na mboga. Watu wananiuliza kwa nini sikununua kiwanja. Kiwanja sikuwa na fedha yake. Mbuzi nilikuwa nayo.

Haikuwa rahisi. Kadi za harusi zilikuja, nikatoa kidogo kidogo. Wapo walioniita bahili, tena mbele ya mke wangu. Mwaka mmoja bati zilivuja masika nzima, tukaweka mabeseni, na kibubu hakikufunguliwa. Mke wangu ndiye aliyekataa, Allah amlipe. Leo mtoto yuko mwaka wa pili chuoni, anayemfuata yuko kidato cha pili, na bado tunaweka.

NA MKOPO WA BODI JE?

Hili naulizwa sana. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi 2005. Kwa miaka kadhaa deni liliongezwa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani, na Waislamu wengi wakaona uzito wa riba ndani yake. Mei Mosi 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuiondoa asilimia hiyo 6. Ikabaki ada ya uendeshaji ya asilimia 1 inayotozwa mara moja. Kama bado nafsi yako ina shaka, muulize mwanachuoni unayemwamini, akiwa na mkataba mbele yake, asijibu kwa kusikia.

Lakini liwe halali namna gani, DENI NI DENI. Mwanao akiajiriwa, sheria inakata asilimia 15 ya mshahara wake hadi liishe. Mtume wetu (S.A.W) alikuwa akijikinga kwa Allah na mzigo wa madeni. Kila shilingi unayoiweka leo ni shilingi ambayo mwanao hataanza nayo maisha akiwa anadaiwa.

Tena mkopo si ahadi. Wengine hupata wote, wengine nusu, wengine hukosa. Anayejenga nyumba kwa tofali la jirani asishangae jirani akilihitaji.

TUFANYE NINI?

Kwanza, weka nia na mwenzio. Mume na mke wakae, wataje mtoto mmoja mmoja. Walioachana nao wakae, hata kama ni mbele ya shahidi. Talaka imevunja ndoa, haijavunja ubaba.

Pili, unda kamati ya ada. Ukoo mzima, wajomba na mashangazi, mchango mdogo wa kila mwezi, mweka hazina mwaminifu, daftari linalosomwa wazi. Kamati ya harusi hufa baada ya harusi. Hii isife.

Tatu, weka fedha mahali safi. Tangu 2011 nchi hii ina Benki ya Amana inayofuata sheria za Kiislamu, na baadhi ya benki kubwa zimefungua madirisha yasiyo na riba. Usisomeshe mtoto kwa riba kisha ukaomba baraka katika elimu yake. Na fedha ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka, itolee zaka. Nia ya ada haiondoi zaka.

Nne, tengeneza karatasi mapema. Cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, na kwa yatima cheti cha kifo cha mzazi. Majina yafanane kila mahali. Nimeona mtoto shuleni anaitwa jina la babu, kwenye cheti jina la ukoo, na dirisha la kuomba mkopo linakaribia kufungwa. Hili halihitaji fedha nyingi, linahitaji kuamka mapema.

Tano, fanya uadilifu. Mtume (S.A.W) alikataa kuwa shahidi wa zawadi ambayo mzee mmoja alimpa mtoto mmoja akawaacha wengine. Usimwekee kijana wa kiume ukamwambia binti "wewe utaolewa".

Sita, usimlazimishe kila mtoto kwenda chuo kikuu. Pale Kihonda kuna VETA. Fundi umeme mzuri ni bora kuliko mwenye shahada asiyoipenda. Akiba ile ile itamsomesha ufundi na kumnunulia vifaa.

Saba, kwa masikini wa kweli: usione haya kusema. Na wewe jirani mwenye uwezo, usingoje Ramadhani na futari tu. Ada ya mwanafunzi mmoja ni elimu yenye kunufaisha, thawabu yake inakufuata hadi kaburini.

UKUTA WA MAYATIMA

Wapo watakaosema kupanga ni kukosa tawakkul, riziki ya mtoto anayo Allah. Anayo, hakuna shaka. Lakini aliyemuuliza Mtume (S.A.W) kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kutegemea, aliambiwa amfunge, kisha ategemee. Na Sa'd bin Abi Waqqas (R.A) alipotaka kutoa sehemu kubwa ya mali yake sadaka, alizuiwa isizidi theluthi, akafundishwa kwamba kuwaacha warithi wakiwa wanajitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono kwa watu.

Soma pia Surat al-Kahf, aya ya 82. Nabii Musa (A.S) na mwenzake wanafika mji uliowanyima chakula. Yule mwenzake anauinua ukuta uliotaka kuanguka, bila malipo. Baadaye anaeleza: chini yake kuna hazina ya mayatima wawili, na baba yao alikuwa mtu mwema. Allah alitaka wakue, kisha waitoe hazina yao.

Tazama mpangilio huo. Baba aliacha kitu. Allah akakilinda, hata kwa mikono ya watu asiowajua. Wewe ukiweka kidogo chako kwa halali na kwa wema, hujui ni nani atauinua ukuta wako siku ukianguka. Lakini chini ya ukuta kuwe na kitu, ndugu yangu.

Kama una mtoto wa darasa la kwanza, una miaka mingi. Kama ana kidato cha tano, una miezi. Usilale leo kabla hujaweka hata mia tano, na kabla hujamwambia mwenzio ni ya nini.

Ewe Mola wetu, turuzuku riziki ya halali, tubarikie watoto wetu wa kike na wa kiume, wape elimu yenye manufaa, na uwainulie mayatima wetu kuta zao. Wape nguvu mama wanaoamka alfajiri kwa ajili ya watoto wao, na uzilainishe nyoyo za baba waliosahau. Aamin.

Mtumie ujumbe huu mzazi mmoja mwenye mtoto mdogo. Na mwenye kamati ya harusi mkononi, muulize kwa upole: ya ada tunaanza lini?

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.